Maktaba ya Vifuniko vya Soda

Kila Jumatano saa tisa alasiri, gari la maktaba likishaegeshwa kwenye uwanja wa vumbi nyuma ya magorofa ya mtaa wa Tassia, Nairobi, mkutubi wake, Kavinya, alikuwa na mambo matatu ya kufanya kabla watoto hawajatoka shule. Kwanza alitandika mikeka. Pili alimwaga vifuniko vya soda kwenye beseni. Tatu, na hili alilifanya akitazama huku na huku, alifungua kufuli la wavu wa chuma uliofunika rafu, akachomoa riwaya moja nene yenye jalada la kijani, akaipeleka kwenye kibanda cha chapati cha Mama Shiku.

Saa hiyo Mama Shiku alikuwa ameshakanda unga na kuufunika kwa kitambaa ili upumzike. Unga ukipumzika, naye alipumzika. Alijifuta mikono mara mbili, akaketi juu ya kreti, akafungua pale alipoachia wiki iliyopita. Alikuwa na nusu saa. Baadaye unga ulikuwa tayari, wafanyakazi wa viwandani walianza kuteremka wakiwa na njaa, na kitabu kilirudi nyuma ya wavu. Kwa mwendo huo, tangu Februari hadi Oktoba, alikuwa amefika ukurasa wa mia mbili themanini na nane wa habari za mjane aliyefungiwa nje ya nyumba yake na mashemeji.

Jumatano hii alikuwa bado anajifuta mikono Sylvance alipotokea mbio. Sylvance, dereva wa gari la maktaba, hakuwa mtu wa kukimbia. Alikuwa na miaka hamsini na mbili na kitambi alichokilea kwa upendo, na hata siku gari lilipofuka moshi pale Muthurwa alishuka polepole akijipangusa suruali. Leo alikimbia, simu mkononi, akamwambia Kavinya asome mwenyewe kwa sababu yeye alikuwa ameishiwa pumzi.

Ujumbe ulitoka kwa Bwana Dedan, meneja wa shirika lenye gari hilo. Jumatano ijayo mjumbe wa mfadhili, Madam Eve, angefika Tassia. Mafuta ya gari yalikuwa yamepanda, kwa hiyo kati ya vituo vitano viwili vingefungwa, na yeye ndiye angeamua ni vipi. Kituo kijitayarishe kuonyesha shughuli mpya za gharama nafuu. Chini kabisa kulikuwa na ombi la ziada: watu wazima wasionekane wameketi na vitabu wakati wa ziara, kwani picha za namna hiyo huonyesha kana kwamba hakuna kinachoendelea.

Kavinya aliinua macho. Mama Shiku alikuwa ameketi na kitabu, na kwa kweli hakuna kilichoonekana kuendelea, ila midomo yake iliyokuwa ikisogea kidogo na uso uliokuwa umekunjamana kwa hasira juu ya wale mashemeji.

Msomaji asiyelijua shirika hili anaweza kushangaa kwa nini mama huyu hakupewa kitabu akaenda nacho nyumbani, akaleta wiki inayofuata, kama ifanyikavyo katika maktaba. Kavinya pia alishangaa alipoajiriwa. Chuoni alisomea ukutubi miaka mitatu, na muda mwingi waliutumia kujifunza namna ya kuazima vitabu na namna ya kuvirudisha. Alipofika kazini akaambiwa kwamba zamani, katika kituo cha Mukuru kwa Njenga, vitabu saba viliwahi kutorudi. Kila kimoja kilihitaji fomu ya maelezo yenye sahihi nne, na mwenye sahihi ya tatu alikuwa ameshaacha kazi. Ndipo uazimaji ukasimamishwa kwa muda. Muda huo sasa ulikuwa na miaka minne. Tangu hapo shirika halikuazima vitabu tena. Lilihamasisha usomaji, kwa nyimbo, kwa michoro na kwa vifuniko.

Na vifuniko, jambo ambalo Kavinya hakupenda kulikumbuka, vilikuwa kosa lake.

Kavinya alikuwa na ugonjwa mmoja. Akiwa peke yake aliweza kupanga sentensi nzuri, yenye mwanzo na mwisho. Akiinua mkono mbele ya watu, nyuso zikamgeukia, ile sentensi ilikimbia na nyingine ikatoka mahali pake. Katika kikao chake cha kwanza aliinua mkono ili aulize lini uazimaji utarudishwa. Bwana Dedan akamwangalia, wahasibu wawili wakamwangalia, hata mama wa chai akasimama na birika. Kavinya akasikia sauti yake ikisema kwamba wangeweza kukusanya vifuniko vya soda, wakaviandika herufi, watoto wakajifunza kupanga maneno. Makofi yakapigwa. Kikao cha pili alitaka kuuliza lilelile, akajikuta anapendekeza alamisho za kurasa zilizokatwa kutoka pakiti za maziwa. Watoto wa Tassia sasa walikuwa na alamisho nyingi nyumbani na hawakuwa na kitabu hata kimoja cha kuziweka. Kufikia mwezi wa sita, shughuli saba kati ya kumi za shirika zilikuwa zimezaliwa hivyo, na Bwana Dedan alikuwa amempa jina la Kisima cha Mawazo.

Mawazo hayo yaliheshimiwa sana. Wakubwa walienda nayo Naivasha, hoteli ya ziwani, siku tatu, kuyajadili. Walirudi na ngozi zilizong'aa na kitabu kinene cha rangi kilichoitwa Mwongozo wa Shughuli za Gharama Nafuu. Kwa kuwa uchapishaji wake ulikuwa wa gharama, kilitoka nakala moja tu. Ilikaa kabatini kwa meneja. Aliyetaka kuisoma alijiandikisha, akaisomea pale pale, na hakuruhusiwa kuondoka nayo.

Kati ya shughuli zote, iliyoipa Tassia sifa ilikuwa ile ya Msomaji wa Foleni. Kavinya aliibuni siku aliyotaka kabisa kusema neno kuhusu Mama Shiku. Maji ya upande ule wa Tassia huja Jumatano jioni, na watu hupanga mitungi yao ya plastiki tangu asubuhi, mmoja nyuma ya mwingine, kuanzia bombani hadi karibu na barabara. Mwenye mtungi huenda kazini, au hupanda kulala, na mtungi humshikia nafasi. Kila mmoja una alama yake, kitambaa kwenye mshikio au rangi ya kucha au herufi zilizochomwa kwa msumari. Kusogeza mtungi wa mtu bila ruhusa yake ni jambo ambalo mtaani halifanywi, hata na wezi.

Wazo lilikuwa msomaji aisomee hadithi ile foleni. Siku ya kwanza Kavinya alisoma kwa sauti yake ndogo, na foleni ilitulia sana, kwa kuwa ilikuwa mitungi mitupu, na bibi mmoja aliyesinzia. Sylvance ndiye aliyejaza fomu. Palipoandikwa idadi ya waliofikiwa alitembea kutoka bombani hadi barabarani akihesabu, akaandika mia mbili na kumi na nne. Kavinya alipomlalamikia, alimjibu kwa upole kama mtu anayemfundisha mtoto kwamba kila mtungi una mwenyewe, na mwenyewe si ng'ombe, ni mtu. Kavinya alitaka kubisha. Alisema badala yake kwamba wiki ijayo angesoma kwa sauti ya juu zaidi.

Ndiyo maana Madam Eve alitaka kuiona Tassia. Kwenye karatasi hakukuwa na kituo kama hicho Nairobi nzima. Wiki nzima Kavinya hakulala vizuri. Mjumbe angekuja, angeona mitungi, kituo kingefungwa, na Mama Shiku asingejua kamwe kama yule mjane aliingia nyumbani kwake.

Alipomwambia kuhusu ziara, Mama Shiku alimtuliza. Alisema asijali, siku hiyo angejifanya hamjui, angekaanga chapati zake tu. Halafu akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya vitunguu, "Mwalimu, wakifunga hapa, hiki kitabu kitaenda wapi?"

Kavinya alibahatisha. Alimwambia kitaenda kituo kingine.

"Basi huko aingie ndani," alisema Mama Shiku. "Amesimama nje tangu Februari."

Siku yenyewe Bwana Dedan alitangulia saa mbili kabla ya mgeni. Alikuja na lori lililobeba hema la kukodi, spika mbili kubwa, viti vyenye vitambaa vyeupe, mpiga picha, na bango refu lililosema kwamba maktaba haihitaji fedha nyingi. Vifuniko vya ziada navyo alilazimika kuvinunua. Shule zote za mtaa zilikuwa zikiagiza vifuniko kwa kazi za nyumbani, wazazi walikuwa wameshavimaliza, na Abukar wa duka la kona, mtu aliyejua kusoma nyakati, alikuwa anaviuza kwa kikombe.

Bwana Dedan alikagua kila kitu, akaridhika, akauliza washiriki wangefika saa ngapi. Sylvance akamwonyesha.

Meneja aliitazama foleni ya mitungi kutoka mwanzo hadi mwisho. Alimtazama Sylvance. Aliitazama foleni tena. Kavinya, aliyekuwa amejificha nyuma ya mlango wa gari, aliona sikio la meneja likibadilika rangi.

"Hawa ndio mia mbili na kumi na nne?"

"Leo wamezidi kidogo, bosi," alisema Sylvance. "Wiki hii kuna joto."

Mtu mwingine angekaa chini akalia. Bwana Dedan hakufika pale alipo kwa kukaa chini. Alifikiri dakika moja, kisha akaamuru watu wa hema waichukue mitungi yote waipange upya mbele ya jukwaa, kwa mistari iliyonyooka, mishikio ikitazama spika. Kwa mbali, alieleza, na picha ikipigwa kutoka juu ya lori, ingeonyesha mahudhurio. Mgeni akifika ataambiwa wahusika wameenda kunywa chai.

Sylvance alijaribu kumwambia kwamba Tassia mitungi haisogezwi. Meneja alimjibu kwamba ndiyo maana mitaa ya mashariki haiendelei. Mtungi wa kwanza ukainuliwa, wa kitambaa chekundu. Wa pili, wa tatu. Walikuwa wamefika kama wa ishirini mwanamke wa gorofa ya nne, aliyekuwa anaanika nguo, alipoinama juu ya ukuta wa roshani, akaangalia, kisha akawaita majirani kwa majina.

Ilianza kama mvua juu ya mabati. Kandambili ziligonga ngazi za magorofa matano kwa pamoja. Walitoka wanaume wa zamu ya usiku wakiwa wamevaa vesti, walitoka kina mama na watoto mgongoni, alitoka kinyozi akiwa na mteja aliyenyolewa upande mmoja. Kila mmoja aliuendea mtungi wake, akaukumbatia, na kuuliza ni nani aliyekuwa mbele yake na nani alikuwa nyuma yake tangu asubuhi. Walioulizwa hawakukubaliana. Kijana mmoja alitaka kujua kama hawa wenye hema wametumwa na wale wanaouza maji ya visima au wameamua tu kutafuta kifo. Mpiga picha alipanda juu ya lori, si kwa ajili ya picha.

Katikati ya hayo yote gari la Madam Eve likaingia uwanjani.

Alikuwa mwanamke mfupi wa makamo, viatu vya chini, daftari dogo mkononi. Alisimama akaona zaidi ya watu mia mbili wamejaa mbele ya maktaba, wote wakizungumza kwa hisia kali. Bwana Dedan, ambaye muda huo alikuwa ameshikwa tai na mzee mmoja, alijinasua, akajinyoosha, akamkaribisha mgeni kwa tabasamu pana.

"Karibu Tassia, Madam. Hawa ndio washiriki wetu. Kama unavyoona, wakianza mjadala hawazuiliki."

Lazima tumpe haki yake: mtu yule alikuwa na kipaji. Alichukua kipaza sauti, akaomba radhi kwa usumbufu wa foleni, akaahidi kila mtungi ungerudi mahali pake mara tu baada ya shughuli fupi, na kwamba wanaobaki watapewa soda. Hasira ikashuka. Watu wakaketi juu ya mitungi yao, kwa sababu hakuna aliyethubutu kuiacha tena. Watoto waliotoka shule wakaimba wimbo wa kitabu ni rafiki yangu. Wakapanga vifuniko kwenye mikeka, na kwa kuwa walivizoea, walivitenga kwa rangi na kuanza mchezo wa kuvifyatua kwa kidole, aliyeshinda akichukua vya mwenzake. Bwana Dedan alieleza kwamba hiyo ni hesabu.

Madam Eve aliandika kidogo sana. Baadaye aliomba kipaza sauti. Alisema amefurahi, wimbo ulikuwa mzuri, na angependa kuuliza swali moja tu. Kati ya wote waliokuwepo, ni nani aliyewahi kusoma kitabu kimoja cha maktaba hii hadi mwisho?

Spika zilivuma. Watu wakatazamana, kisha wakatazama mitungi. Mtoto mmoja aliuliza kama alamisho inahesabiwa.

Kule kibandani, unga ulikuwa umefunikwa. Mama Shiku alikuwa amesimama nyuma ya meza kama alivyoahidi, mtu asiyejua lolote. Kavinya alimwona akitazama ule ukimya, akimtazama yeye, na akaelewa alichokuwa anafikiria, kwamba mtoto wa watu atafutwa kazi na hakuna hata mmoja wa kumtetea. Mkono wa Mama Shiku ukapanda, bado na unga kwenye vidole.

"Mimi nimefika nusu," alisema. "Ni kizuri. Tangu Februari."

Bwana Dedan alicheka kwa wema, kicheko cha mtu aliyeokolewa. Alimweleza mgeni kwamba mama huyu ni mfano halisi wa wasomaji wazito, ambao shirika linawajali sana. Nusu kitabu kwa miezi tisa ni hatua kubwa kwa mtu wa kiwango chake. Walikuwa wameshafikiria kumtengea shughuli ya vifuniko, aanze upya na herufi, taratibu, pamoja na watoto wa chekechea.

Watu walicheka. Walikuwa wamekasirika tangu mitungi iguswe na walihitaji kucheka. Mwanamume mmoja mwenye vesti alisema kumbe hata kile kibao cha kibandani kwake, cha chapo na ndengu, aliandikiwa. Mwingine akamwambia asijali, atakuwa kiranja wa chekechea. Mama Shiku alitabasamu kama mtu anayejiunga na utani, akashusha mkono, akaanza kukata unga uliokuwa bado haujapumzika. Kavinya, aliyeujua uso ule vizuri kuliko yeyote hapo, aliona kwamba mama huyu hangeketi tena kwenye kreti na kitabu. Si Jumatano ijayo, wala nyingine, hata kituo kikibaki milele.

"Na sasa," alisema Bwana Dedan, "tumsikie mwenyewe aliyebuni mengi ya haya. Kisima chetu cha Mawazo. Kavinya, njoo umweleze Madam shughuli mpya."

Alisukumwa mbele na mkono wa Sylvance, mkono mzito wa huruma. Kipaza sauti kilikuwa na jasho la meneja. Nyuso zikamgeukia, zote, mia mbili na ushei, na juu yao nyuso za roshani, na Kavinya akahisi ule ugonjwa wake ukija, sentensi yake ikijiandaa kutoroka kama kawaida. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Tunaweza kutumia," alisema, "mitungi."

Bwana Dedan alitikisa kichwa kwa furaha. Mpiga picha, aliyekuwa ameshashuka, aliinua kamera. Shughuli nyingine ilikuwa inazaliwa pale pale, tena ya mitungi, na isiyo na gharama yoyote. Kavinya aliisikia yote kichwani, kuanzia jina lake hadi fomu yake. Kisu cha Mama Shiku kiligonga ubao, kikanyamaza, kikagonga.

Alinyamaza kwa muda mrefu kiasi kwamba Sylvance alifikiri umeme umekatika, akaenda kukagua waya.

"Hapana," alisema Kavinya. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini spika zilikuwa kubwa, na ilirudi kwake kutoka ukuta wa magorofa kama sauti ya mtu mwingine, kwa hiyo akaweza kuisikiliza bila woga mwingi. "Madam, samahani. Huyu mama si mzito wa kusoma. Anasoma vizuri kunishinda. Ana nusu saa kwa wiki, na nusu saa ikiisha mimi ndiye humnyang'anya kitabu na kukifungia. Hakuna mtu hapa amemaliza kitabu kwa sababu hatuwapi. Vifuniko ni mimi. Foleni ni mimi. Nilibuni hivyo vyote kwa sababu kila mara nilikuwa naogopa kusema neno moja."

Bwana Dedan alinyoosha mkono kuchukua kipaza sauti. Kavinya alirudi nyuma hatua mbili, akajikwaa kwenye mtungi wa mtu, mwenyewe akamshikilia asianguke.

"Watu waende na vitabu nyumbani," alisema. "Hilo tu ndilo nilitaka kusema."